Kabla ya Nusukaputi, Sema Ukweli

Mtu akiambiwa kwamba atapasuliwa kwa nusukaputi, swali lake la kwanza huwa: "Je, nitaamka?" Ni wachache wanaouliza: "Je, nani atanipumulisha?" Mwezi huu tujifunze juu ya dawa ya kulegeza misuli. Ndiyo inayofanya swali hilo la pili kuwa kubwa.

Dawa hii ni ya nini?

Mtu hata akiwa usingizini, misuli ya tumbo lake huweza kukaza, na daktari akashindwa kufanya kazi vizuri ndani yake. Zamani iliwabidi waganga kuongeza sana dawa ya usingizi ili misuli ilegee, na wingi huo ulikuwa hatari. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, Kanada, Daktari Harold Griffith na mwenzake Enid Johnson walimpa mgonjwa wa kidole tumbo dawa iliyotokana na kurare, sumu ambayo wenyeji wa Amerika ya Kusini walipaka mishale yao ya kuwindia. Tumbo lililegea bila kuongeza usingizi. Tangu hapo dawa za namna hii zimeenea duniani.

Hatari iko wapi?

Dawa hii huzuia amri ya mishipa ya fahamu isifike kwenye misuli. Haichagui: hulegeza misuli ya tumbo, hulegeza na ile ya kupumua. Tena haileti usingizi, wala haiondoi maumivu. Kwa hiyo mambo matatu ni ya lazima:

(a) Mgonjwa awe amelala kweli kwa dawa nyingine.
(b) Apumulishwe kwa mashine au kwa mkono wa mtaalamu, bila kukatiza.
(c) Mpira wa kupumulia usitolewe kooni mpaka nguvu zimerudi. Kufungua macho peke yake hakutoshi, maana koo laweza kuwa bado dhaifu. Ipo mashine ndogo ya kusisimua mshipa wa mkono ili kupima nguvu hiyo, na zipo dawa, kama neostigmini ikiandamana na atropini, za kuondoa ulegevu wa aina nyingi za dawa hizi.

Wewe useme nini?

Mtaalamu wa usingizi atakuuliza maswali. Usimfiche haya:

1. Ndugu wa damu aliyechelewa kupumua, aliyepata joto kali ghafla, au aliyefariki wakati wa nusukaputi. Suksametoniamu, dawa inayotumika sana kwa haraka, kwa kawaida huisha nguvu kwa dakika 5 hadi 10. Lakini wako waliorithi upungufu wa kimeng'enya, yaani kitu katika damu kinachoivunja dawa hiyo. Hao huweza kukaa wamelegea kwa saa kadhaa. Wakiendelea kulazwa usingizi na kupumulishwa, hupona. Hatari ni kutojulikana.

2. Kuungua vibaya, au kupooza kwa kuumia uti wa mgongo. Siku chache tu baada ya ajali ya namna hiyo, suksametoniamu yaweza kuusimamisha moyo. Mtaalamu akijua, atatumia dawa nyingine.

3. Udhaifu wa misuli: kope zinazoanguka, au kuchoka kutafuna na kumeza.

4. Dawa ulizopewa. Gentamisini, na magnesiamu wanayopewa akina mama wenye kifafa cha mimba, huongeza ulegevu.

5. Chakula. Misuli ya koo ikilegea, chakula hupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Kwa kawaida mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula, na saa 2 bila hata maji. Fuata maagizo ya hospitali yako. Mzazi humwonea mtoto huruma akampa uji kwa siri. Huruma hiyo yaweza kumwua. Ukiwa umekwisha kumpa, sema upesi. Ni afadhali upasuaji uahirishwe.

Baada ya upasuaji

Wewe unayemwuguza mgonjwa, mwangalie. Akikoroma sana, akivuta pumzi fupi fupi, akishindwa kuinua kichwa, au ulimi ukibadilika rangi, mwite muuguzi mara moja. Usiseme, "Bado ana usingizi tu."

Na kama uliwahi kuambiwa kwamba dawa fulani ilikudhuru, omba iandikwe kwenye cheti chako. Kitunze, kisha waambie ndugu zako wa tumbo moja nao wapate kujua.