Marafiki Wasioonana Uso kwa Uso

Somo: Warumi 12:9-21, Mathayo 5:21-26, 38-48.

Wengi wetu tunao marafiki wasio wa imani yetu. Mwingine alisoma nao chuo kimoja, mwingine hufanya nao biashara, mwingine huandikiana nao barua kutoka mji wa mbali. Na mara nyingi Mkristo hufadhaika moyoni: akiyataja mambo ya imani, aogopa kumwudhi mwenzake, akinyamaza, dhamiri yamshitaki kwamba amemficha Bwana wake. Kwa ajili ya fadhaa hiyo twataka kutazama habari ya watu wawili walioandikiana barua katika miaka ya 1909 na 1910, wala hawakuonana hata siku moja.

Mmoja alikuwa Leo Tolstoy, Mrusi, mwandishi wa vitabu aliyesifiwa ulimwenguni, mzee wa miaka 81. Wa pili alikuwa Mohandas Gandhi, mtu wa dini ya Kihindu, wakili katika nchi ya Transvaal, Afrika ya Kusini. Huko Wahindi walikuwa wakiikataa sheria iliyowalazimisha kujiandikisha kwa alama za vidole. Waliona heri kufungwa gerezani kuliko kuitii, lakini hawakuinua mkono wampige mtu. Miaka mingi nyuma Gandhi alikuwa amekisoma kitabu cha Tolstoy kiitwacho Ufalme wa Mungu Umo Ndani Yenu, jina lililotoka katika Luka 17:21, nacho kilimgusa sana.

Imetupasa kusema wazi ya kuwa Tolstoy si mwalimu wetu wa imani. Aliyashika sana mahubiri ya Bwana mlimani, lakini miujiza na ufufuo wa Kristo aliukana, na mwaka 1901 Kanisa la Warusi lilitangaza kwamba yeye si mshirika wake tena. Atafutaye mafundisho ya wokovu asiende kwake. Sisi twamtazama kwa jambo moja tu, jinsi alivyomjibu rafiki.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 1908 Mhindi mwingine, aliyekuwa akitoa gazeti huko Amerika ya Kaskazini, alimwomba Tolstoy awasaidie kwa neno Wahindi waliotaka kuuondoa utawala wa Waingereza. Tolstoy akamjibu kwa waraka mrefu, akionya kwamba silaha hazitawafaa kitu, upendo ndio sheria ya maisha ya watu. Nakala ya waraka huo ikamfikia Gandhi alipokuwa London kwa shauri la watu wake. Tarehe 1 Oktoba 1909, siku moja kabla ya kutimiza miaka 40, akamwandikia mzee yule. Akamweleza taabu za Transvaal, akamwuliza kama waraka ule ni wake kweli, akaomba ruhusa ya kuupiga chapa, kwa maana rafiki mmoja alikuwa tayari kulipia nakala 20,000.

Kisha akaongeza ombi gumu. Katika waraka ule Tolstoy alikuwa ameitaja imani ya kwamba mtu akifa huzaliwa tena katika mwili mwingine, akaihesabu pamoja na mambo yapasayo kuachwa. Gandhi akasema hataki kumshawishi aiamini. Lakini imani hiyo yapendwa na mamilioni ya watu, na baadhi ya wale waliofungwa katika magereza ya Transvaal ilikuwa faraja yao. Basi akamsihi alifute neno lile.

Kumbukeni, hii ndiyo barua ya kwanza. Mgeni amwomba mzee mwenye sifa kubwa aondoe neno katika maandiko yake! Mtu mwingine angalikasirika, au angaliona ni adabu kukubali yote. Tolstoy hakukawia. Kabla siku kumi hazijapita alijibu kwa furaha, akawaita watu wale wa Transvaal ndugu zake. Na juu ya neno lile akasema kwamba yeye mwenyewe asingalilifuta, kwa sababu kwake kuamini kuzaliwa tena hakuwezi kuwa imara kama kuamini kwamba roho haifi, na kwamba Mungu ni mwenye haki na upendo. Hata hivyo, Gandhi akitaka kuliondoa, na afanye apendavyo.

Mimi nayahesabu majibu hayo kuwa bora kuliko mashindano mengi ya dini niliyoyasikia. Na Gandhi naye, alipoutoa waraka ule katika lugha ya watu wake, aliandika katika dibaji kwamba si lazima kuyakubali yote asemayo Tolstoy. Wala urafiki haukuvunjika. Barua zao zote ni saba tu.

Mwaka 1910 Hermann Kallenbach, Myahudi, msanifu wa majengo, alitoa shamba la ekari 1,100 karibu na Johannesburg, liwe makao ya jamaa za wafungwa. Likaitwa Shamba la Tolstoy. Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo walikaa humo. Na ulipofika mwezi wa Ramadhani, vijana wa dini nyingine waliombwa kushika saumu pamoja na wenzao Waislamu, wasife moyo.

Gandhi alimpasha mzee habari za shamba, naye akarudisha waraka mrefu, wa tarehe 7 Septemba 1910. Humo asimulia juu ya msichana mmoja wa Moscow, aliyeulizwa na askofu katika mtihani wa dini kama kuua kumekatazwa sikuzote. (Amri hiyo kwetu ni ya tano, Warusi huihesabu ya sita.) Wasichana walikuwa wamefundishwa kujibu kwamba sivyo, vitani kumeruhusiwa, na katika kuwaadhibu wahalifu. Huyu akajibu, sikuzote. Hata akamnyamazisha askofu. Kanisa letu halisemi kama msichana yule. Someni Ungamo la Augsburg, sehemu ya 16. Lakini mwalimu asilipite swali lake upesi.

Tarehe 20 Novemba 1910 Tolstoy alifariki katika stesheni ya reli ya Astapovo. Waraka ule ulipopigwa chapa katika gazeti la Gandhi, mwandishi wake alikuwa amekwisha zikwa.

Walimu, mkutanikapo, someni kwanza Mathayo 5. Kisha kila mmoja aeleze: kama rafiki yako wa dini nyingine angalikuomba ulifute neno moja la imani yako, ungalimwandikia nini?