Mgusano wa Seli na Mgusano wa Watu: Istilahi za Homa ya Ini katika Mazingira ya Balambala

Utangulizi
Makala haya yanachunguza istilahi moja ya sayansi ya tiba, yaani mgusano, na athari zake inapotumika katika elimu ya homa ya ini. Mazingira yanayorejelewa ni Balambala, Kaunti ya Garissa, kando ya Mto Tana, ambako Kiswahili cha zahanati na shule hukutana na Kisomali cha nyumbani. Hoja kuu ni kwamba neno linaloeleza kwa usahihi tendo la seli laweza kumpotosha msikilizaji anapolielewa kuwa ni tendo la watu.

Majina ya ugonjwa
Virusi vya homa ya ini ni vya aina tano kuu: A, B, C, D na E. Kisomali huita ugonjwa huu cagaarshow, jina lenye uhusiano na cagaar, yaani rangi ya kijani. Wasemaji wa Kiswahili nao hutaja umanjano wa macho. Majina yote mawili yanataja dalili, wala hayataji kisababishi. Zaidi ya hayo, homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu. Hatari ya majina ya aina hii ni kwamba mwenye virusi vya aina ya C aweza kuishi navyo miaka mingi bila macho kubadilika rangi, na ini lake likaendelea kuharibika.

Tendo la seli
Virusi vya aina ya C hupita kutoka seli hadi seli kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, virusi hutoka nje ya seli, huelea katika majimaji ya mwili, kisha hunasa kwenye vipokezi vya seli nyingine. Humo njiani kingamwili huweza kuvikamata. Katika njia ya pili, virusi hupita moja kwa moja mahali seli mbili za ini zinapogusana. Tafiti za maabara zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba njia hii huendelea hata palipo na kingamwili zinazozuia virusi vilivyo huru. Protini za klodini na okludini, ambazo hushikiza seli jirani, ni miongoni mwa zile ambazo virusi hivi huzihitaji ili kuingia ndani ya seli.

Mfano wa barabara waweza kusaidia. Mzigo upitao barabara kuu hukaguliwa kwenye kizuizi cha askari. Mzigo uo huo ukipitishwa juu ya ua kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, askari hawauoni.

Tendo la watu
Kimofolojia, mgusano umetokana na mzizi -gus- na kiambishi cha kutendana -an-. Kiambishi hicho humfanya msikilizaji afikirie watendaji wawili wenye mikono na ngozi. Hivyo basi, sentensi "virusi huenea kwa mgusano wa moja kwa moja" ni kweli kuhusu seli, lakini mwanakijiji akiisikia huenda akaacha kumpa mgonjwa mkono au kula naye sinia moja. Ukweli ni kwamba virusi vya B, C na D huambukizwa hasa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Kusalimiana, kukumbatiana na kula pamoja hakuenezi virusi hivyo.

Aina ya E ina njia nyingine: maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Garissa inaifahamu. Uchunguzi wa mlipuko wa mwaka 1991 katika kambi ya wakimbizi ya Liboi ulibaini kwamba maambukizi ya mtu kwa mtu yalikuwa machache mno. Mwaka 2012, kati ya Julai na Novemba, wagonjwa 339 wa umanjano mkali waliripotiwa katika kambi za Dadaab na kijiji jirani. Kumi walifariki, na tisa kati yao walikuwa wanawake waliokuwa wamejifungua karibuni. Kwa jamii inayotumia maji ya mto na mabwawa, onyo linalotaja mgusano huwaepusha watu na mgonjwa huku likiyaacha maji bila kuchemshwa na choo bila kuchimbwa.

Hitimisho
Inapendekezwa kwamba maelezo ya kimaabara yatumie "upitishanaji wa virusi seli kwa seli", na neno seli lisiachwe kamwe. Maelezo kwa umma yataje njia yenyewe: damu, kujamiiana, uzazi au maji machafu, pamoja na herufi ya aina inayohusika. Aina ya B ina chanjo, na aina ya C hutibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Mgonjwa aliyetengwa kwa sababu ya neno huificha hali yake, na tiba hiyo haimfikii. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafsiri bango la zahanati hana budi kuuliza swali moja kabla ya kuandika mgusano: ni nani anayemgusa nani?