Maji, Chumvi na Sukari

Kasanga ni bandari ndogo iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wafipa. Mtu ashukaye kutoka Sumbawanga huiacha baridi ya nchi ya juu, hupita Matai, kisha huliona ziwa limetanda mbele yake. Kina chake chafika mita 1,470, wala hakuna ziwa jingine katika Afrika lenye kina kama hicho. Maji yake ni maangavu, hata aliye mtumbwini huweza kuona mawe yaliyo chini. Kwa sababu hiyo watu wengi huyachota na kuyanywa vivyo hivyo, wakidhani kwamba maji yang'aayo ni maji safi.

Walakini vijidudu viletavyo maradhi ya kuhara havionekani kwa macho. Mvua ikinyesha, uchafu wa binadamu huchukuliwa na maji mpaka ziwani, na mtungi mmoja waweza kuwaletea ugonjwa watu wa nyumba nzima.

Jambo hili lilionekana mwaka 2015 huko Kagunga, kijiji kilicho kando ya ziwa hilohilo, upande wa kaskazini, katika mkoa wa Kigoma. Maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika hapo, pasipo vyoo vya kutosha wala maji safi. Meli Liemba, iliyokuwa ikitia nanga Kasanga kwa miaka mingi, ilitumwa kuwachukua mpaka Kigoma. Kipindupindu kikazuka: maelfu waliugua, na watu zaidi ya 30 walikufa. Lakini wagonjwa walio wengi walipona. Je, kilichowaokoa ni nini?

Yafaa kujua kwanza jinsi kuhara kunavyoua. Mtu aharaye hupoteza maji na chumvi za mwili. Kinywa chake hukauka, macho huingia ndani, mkojo hupungua, na nguvu humwishia. Mtoto mdogo hana akiba kubwa ya maji, basi aweza kufa upesi. Hata hivyo, wako wazazi wamnyimao mtoto maji, wakisema, "Akinywa atazidi kuhara." Husema hivyo kwa mapenzi, kumbe wanamzidishia hatari.

Wengine huuliza: mtungi uliotoboka, wafaa nini kutiwa maji? Jibu lilipatikana kwa utafiti. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba ndani ya matumbo mna kama milango midogo, ambayo sukari na chumvi huingia kwayo pamoja. Navyo vikiingia, maji hufuata. Milango hiyo haifungwi na ugonjwa wa kuhara. Maji matupu hayaingii vizuri kama maji yenye vitu hivyo viwili.

Mwaka 1971 elimu hiyo ilijaribiwa katika shida kubwa. Wakimbizi waliokimbia vita vya Bangladesh walijaa Bangaon, katika India, na kipindupindu kikawashika. Maji ya kutiwa mishipani yalikuwa yakiisha. Ndipo mganga Dilip Mahalanabis alipoamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, na jamaa zao wakawanywesha kwa vikombe. Hapo kwanza, kati ya wagonjwa 100 walikuwa wakifa karibu 30. Baadaye hawakufika wanne.

Siku hizi dawa hiyo hupatikana katika zahanati, nayo huitwa ORS. Pakiti moja huchanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, dawa yaweza kutengenezwa nyumbani hivi:

1. Chemsha maji mpaka yatokote sana, uyafunike, uyaache yapoe. Pima lita moja.
2. Nawa mikono kwa sabuni.
3. Tia vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visijae kupita ukingo wake.
4. Koroga mpaka viyeyuke, kisha uonje. Yakiwa na chumvi kupita machozi, yamwage, kwa maana chumvi nyingi hudhuru.
5. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, hasa kila akishahara. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uanze tena polepole.
6. Yakibaki mpaka siku ya pili, yamwage, utengeneze mengine.

Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa, na aliye mkubwa apewe chakula, kama vile uji wa ulezi. Tena, tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri kwamba mtoto aharaye apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, maana utafiti ulionyesha kwamba hupunguza ugonjwa. Lakini mtoto akihara damu, akishindwa kunywa, akilegea, au akihara kama maji matupu mfululizo, apelekwe hospitali mara moja, naye anyweshwe njiani.

Kuponya ni kuzuri, na kuzuia ni bora zaidi. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza maradhi ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Tena kila nyumba na iwe na choo, na maji ya kunywa yachemshwe, hata yakiwa maangavu kama kioo.

Mtoto aweza kufa kwa kukosa maji, naye yu karibu na ziwa lisilokauka. Lakini mwanafunzi ajuaye kupima vijiko sita na nusu, aweza kumwokoa ndugu yake usiku, kabla mitumbwi ya wavuvi haijarudi.

Maswali

1. Kwa nini maji maangavu yaweza kuleta ugonjwa?
2. Ni dalili gani zionyeshazo kwamba mwili umepungukiwa na maji?
3. Sukari ina kazi gani katika dawa hii?
4. Mgonjwa wa namna gani hana budi kupelekwa hospitali mara moja?