Vitendo Viwili vya Kiingereza

Wenzetu waliosoma nahau ya Kiarabu wajua fiili lazimu, kitendo kinachotosheka na mtendaji wake, na fiili mutaadi, kivukacho kwa mtendaji kikamfikia mtendwa. Kiingereza nacho kina namna hizo mbili: "sleep", kulala, ni lazimu, "buy", kununua, ni mutaadi, nacho hudai kitajwe kilichonunuliwa.

Lakini na tutahadhari. Kiswahili hutenga "vunja" na "vunjika". Kiingereza hutumia "break" kwa maana zote mbili. "The cup broke": kikombe kilivunjika. "He broke the cup": yeye ndiye aliyekivunja. Basi tuandikapo ushahidi kwa Kiingereza, tutazame twamtanguliza nani, tusije tukamtwika mtu kosa asilolitenda.