Simu Ikigoma Kuleta Barua za Kazi

Mwaka 1871 hapa kwetu Unyanyembe palikuwa na mfuko wa barua uliolala. Ulikuwa wa Livingstone, yule Mzungu aliyekuwa safarini upande wa Ziwa Tanganyika. Juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Stanley aliukuta hapa, akauchukua, na Livingstone akaupata Ujiji mwishoni mwa 1871. Mwaka mzima! Barua zilikuwapo, na mwenyewe alikuwa akizingoja. Shida ilikuwa njiani. Wapagazi walikawia Bagamoyo, kisha vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vikaifunga njia ya Ujiji.

Barua pepe nayo ina safari. Hufika kwanza kwenye kompyuta kubwa inayotunza barua za ofisi. Kompyuta hiyo huitwa seva. Simu yako ni mpagazi: huenda pale kupiga hodi na kuuliza kama kuna barua mpya. Kazi hiyo huitwa kusawazisha.

Katibu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku alituletea simu yake. Siku nne hakuna barua hata moja, na ratiba ya soko huja kwa njia hiyo. Wakulima wasipojua siku ya soko, marobota yanabaki ghalani. Vijana walikuwa wamemshauri afute kila kitu aanze upya. Tukamwambia asubiri kwanza, maana ukifuta akaunti, barua ulizoandika ambazo hazijatoka zinaweza kupotea.

Tuliuliza kwanza: barua imekwama wapi? Akampigia karani wa wilayani. Karani akasema zimetumwa, na makatibu wengine wamezipata. Basi, zilikuwa zimeshatoka.

Tukatazama njia. Katibu alisema bando lipo, kwani WhatsApp inafanya kazi. Hapo wengi tunadanganyika! Kuna bando za mitandao ya kijamii tu, na barua pepe haipiti humo. Tukafungua gazeti moja kwenye intaneti, likafunguka. Njia ilikuwa nzima.

Tukatazama tarehe na saa ya simu. Msidharau jambo hili. Seva huonyesha hati ya utambulisho yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu ikidhani tuko mwaka 2015, itaona hati hiyo si halali, nayo itakataa kuongea na seva. Ya katibu ilikuwa sawa.

Likabaki neno la siri. Tulipomwuliza, akakumbuka kwamba wiki iliyopita ofisi iliwataka wote wabadilishe. Yeye alibadilisha kwenye kompyuta ya mjini, akasahau simu. Simu ikaendelea kupiga hodi na neno la zamani, tena na tena, usiku na mchana, mpaka seva ikadhani ni mwizi. Ikaifunga akaunti.

Kosa kama hilo lina utaratibu wake. Zima kwanza usawazishaji kwenye simu, la sivyo itaifunga tena akaunti saa hiyo hiyo. Kisha mpigie fundi wa kompyuta wa ofisi aifungue. Ndipo uweke neno jipya na kuwasha tena. Fundi hana haja ya kujua neno lako la siri. Akikuuliza, mkatalie.

Wakati mwingine ni simu kujaa picha, au hali ya kuokoa chaji inazuia barua zisije. Na simu kuukuu ina lake: Oktoba 2022 seva za Microsoft zilianza kukataa programu za zamani zinazoingia kwa jina na neno la siri tu. Hapo tafuta programu mpya.

Katibu alipomaliza, barua kumi na moja ziliingia kwa mkupuo. Ya tatu ilikuwa ratiba. Soko ni kesho kutwa. Hata chai hakumaliza, akaomba baiskeli.