Je, Gari Dogo Hutumia Mafuta Kidogo?

Gari lenye injini ya lita 1 hutumia mafuta kidogo likiwa jepesi na likiendeshwa kwa mwendo wa wastani. Likibebeshwa watu watano na magunia ya mahindi kutoka Chanzuru hadi Kilosa mjini, injini hulemewa na nafuu hiyo hupungua. Ukilazimika kwenda safari mbili, gari kubwa kidogo laweza kukugharimu mafuta machache zaidi.

Kabla ya kununua, tunakushauri upime. Jaza tangi, andika kilomita, endesha ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha jaza tena. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza: kilomita 60 kwa lita 5 ni kilomita 12 kwa kila lita. Zidisha lita kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, ndipo uamue.