Kubana Eneo la Kihisi Mwendo cha Maikrowevu
Mwongozo mfupi kwa wenye nyumba, maduka na ofisi

Taa ya korido inawaka kila gari linapopita nje. King'ora cha duka kinalia jirani akitembea chumbani kwake. Mara nyingi kifaa si kibovu: kinahisi eneo kubwa kuliko unalolihitaji.

Kihisi kinafanyaje kazi?

Hurusha mawimbi dhaifu ya redio. Vingi vya taa za nyumbani hutumia gigahezi 5.8. Mawimbi yakigonga kitu kinachosogea, hurudi na masafa yaliyobadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo huwasha taa. Mawimbi haya hupenya kioo, plastiki, plaiwudi na jipsamu. Tofali huyapunguza nguvu, bati huyarudisha. Kwa hiyo pazia au kasha la plastiki halitakusaidia.

Umbali au upana?

Amua kwanza unataka kupunguza kipi. Vihisi vingi vina kitufe cha unyeti cha kuzungusha kwa bisibisi, au swichi ndogo za asilimia 100, 75, 50 na 25. Hivi hupunguza eneo lote kwa pamoja: mbele, kushoto na kulia. Ukitaka kihisi kiendelee kuona mbele lakini kiache upande wa barabara, itabidi ukigeuze au ukikinge kwa bati.

Hatua za kufuata

1. Weka muda wa taa kuwaka katika kiwango cha chini kabisa, na ruhusu iwake hata mchana.
2. Zima feni, na waambie wengine wasisogee.
3. Anza na unyeti mdogo kabisa. Subiri taa izime, kisha kisogelee kihisi polepole na uweke alama ya chaki sakafuni uliposimama taa inapowaka. Rudia kutoka pande zote.
4. Ongeza unyeti kidogo kidogo hadi eneo unalotaka lienee, kisha uache hapo.
5. Kama upande mmoja bado unasumbua, geuza kihisi. Hushika zaidi mtu anayekijia au anayekiacha kuliko anayekatiza mbele yake. Usikielekeze barabarani wala kwenye ukuta wa mabati, maana bati litarusha mawimbi mahali usipopataka.
6. Hatimaye weka kipande cha bati kati ya kihisi na upande usiotakiwa. Kiache sentimita kadhaa mbali na antena. Kikiigusa, kihisi kinaweza kuvurugika. Wavu wa chuma wa kuzuia mbu nao unafaa, kwa sababu matundu yake ni madogo sana kuliko urefu wa wimbi, ambao ni takriban sentimita 5. Wavu wa nailoni haukingi.

Baada ya kila badiliko, rudia jaribio la chaki.

Bado kinasumbua?

Tafuta vitu vinavyosogea karibu: feni, mapazia, hata maji yanayopita kwenye bomba la plastiki ndani ya ukuta. Kama chumba cha jirani kimetengwa kwa jipsamu tu, ni afadhali kihisi cha joto la mwili, ambacho hakioni nyuma ya ukuta. Kwa king'ora, chagua chenye teknolojia zote mbili, maikrowevu na joto la mwili: hakilii mpaka zote zikubaliane.

Tahadhari: Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kifaa. Bati lisikaribie waya wala vituo vya nyaya. Kazi ya nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni.